Jiwe la Mlango wa Jikoni

Mutuini, 2 Februari 2025

Kwa binti yangu Kavutha,

Salamu nyingi. Mimi niko mzima, goti pekee ndilo linapiga kelele asubuhi, likishapata chai linanyamaza. Wewe na Nzisa mko aje huko Ngara? Kifua cha huyo mtoto wako kimepona?

Simu zangu hushiki tangu tumzike mama yako, kwa hivyo barua hii nimempa jirani yetu Peres, Jumatatu huwa anakuja huko kununua nguo za kuuza. Barua huwezi kuikata.

Mwaka unaisha tangu atuache. Ibada ya ukumbusho itakuwa hapa nyumbani, Jumamosi 29 Machi. Wewe uko na mashine ya kuchapa hapo dukani, nichapie historia ya marehemu, nakala mia moja. Nimeiandika mwenyewe. Ni ile niliyosoma siku ya mazishi, nimeongeza tu pale kwa majumba niliyojenga mjini. Watu waliipenda sana. Hata pasta alitikisa kichwa.

Ni mimi baba yako,
Masila, Fundi wa Mawe

Ngara, 11 Februari 2025

Baba mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima. Sisi tu wazima, kifua cha Nzisa kimepona. Hilo goti lipake mafuta, usilipe chai tu.

Historia nimeisoma. Mwaitu, mama yangu, ametajwa mara mbili, alipozaliwa na alipofariki. Hapo katikati ni wewe na mawe. Unajenga Westlands, unajenga Upper Hill, unagombana na mkandarasi, unashinda. Baba, siku ile watu hawakuipenda, walikuwa wanacheka ndani ya leso. Na Nzisa, aliyelelewa na Susu, bibi yake, tangu akiwa na miezi mitatu, aliniuliza tukirudi, "Kwani Susu hakuwa na kazi yake?" Ndiyo maana sishiki simu.

Hii sitaichapa. Na kama ndiyo itakayosomwa tena, mimi na Nzisa hatutakuja kukaa chini ya hema kuisikiliza. Mwandike yeye.

Mwanao,
Kavutha

Mutuini, 17 Februari 2025

Kavutha,

Sisi hapa wazima. Goti usiulize.

Nani alikufundisha kumjibu mzee hivyo? Si mimi. Mama yako alikuwa mke wa fundi, na fundi mwenyewe ni mimi. Hii nyumba uliyozaliwa ndani yake nani aliijenga, malaika? Mawe mia nane nimechonga kwa mkono huu! Hata kuandika nilijifundisha mwenyewe, dawati sikulikalia hata siku moja. Mtu wa aina hiyo utampata wapi tena Dagoretti?

Kaa na mashine yako. Kangemi kuna wachapishaji, wataipokea kwa mikono miwili.

Baba yako,
Masila

Ngara, 24 Februari 2025

Baba,

Salamu zetu. Sitaki tugombane. Nzisa ameniambia kitu ambacho sikukijua. Anasema Susu kila akipita mlango wa jikoni alikuwa anapapasa ukuta, upande wa kushoto, halafu anacheka peke yake. Akimwuliza, anaambiwa, "Muulize babu yako. Akikujibu, uje uniambie."

Kuna nini hapo ukutani?

Mwanao,
Kavutha

Mutuini, 21 Machi 2025

Kwa binti yangu Kavutha na mjukuu wangu Nzisa,

Salamu kwenu. Mimi ni mzima, ila mikono ina malengelenge, na sababu mtaijua.

Ile historia niliipeleka Kangemi. Bwana mmoja anaitwa Wesonga akaisoma yote, akaniangalia, akasema, "Pole mzee. Sasa hii nichape leo, ama tungoje ufe kwanza?" Nilimwambia maneno ambayo pasta hafai kuyasikia. Nikarudi nyumbani nikakaa na hilo swali lenu wiki mbili.

Haya. Nilidanganya. Kuandika sikujifundisha.

Mwaka wa 1984 nilikuwa nachonga mawe Kangemi, naweka kidole gumba pale wenzangu wanaandika jina. Nikipewa ramani ya mjengo, nasema miwani nimesahau. Miwani yenyewe sikuwa nayo. Mama yako alikuwa anauza mahindi ya muthokoi pale sokoni, na darasa la saba alikuwa amemaliza. Alinijua siku ya kwanza, maana ramani nilikuwa nimeishika miguu juu. Hakucheka. Aliigeuza tu, akanirudishia.

Tulipoanza hii nyumba, kila Jumapili tukitoka kanisani anachukua makaa, anaandika herufi kwa jiwe. Ananiambia, "Masila, hili haliingii ukutani kabla hujalisoma." Mimi mbishi, nasema ondoka nifanye kazi. Analikalia! Mwanamke ana mimba yako, Kavutha, amekalia jiwe, na kazi imesimama. Watu walisema Masila anajenga polepole. Nilikuwa nasoma.

Jiwe la mwisho, la mlango wa jikoni, nilichukua tindo nikachonga jina la mama yako mwenyewe, KASYOKA. Kesho yake nikaogopa mafundi wenzangu wataniuliza, nikapiga plasta juu. Akaniacha nijisifu miaka arobaini, hakunikosoa hata mbele yenu.

Jana nimeitoa hiyo plasta. Jina liko. Hiyo S imegeuka nyuma, msinicheke.

Ile historia nyingine tupa. Chapa hii:

"Kasyoka alizaliwa Masii mwaka wa 1962. Alikuwa mwalimu. Shule yake ilikuwa mawe mia nane, akayajaza herufi kabla nyumba haijapata paa. Mwanafunzi wa kwanza alikuwa mbishi sana. Wa pili Kavutha, wa tatu Nzisa, wote walijua kusoma kabla ya kuona dawati. Alichofundisha hakuna aliyekisahau. Imeandikwa na yule wa kwanza, na hakuna fundi Dagoretti nzima aliyepata mwalimu kama huyo."

Hapo mwisho si majivuno. Ni ukweli.

Baba yako,
Masila

Ngara, 25 Machi 2025

Baba mpendwa,

Salamu nyingi. Hiyo mikono ipake mafuta, na goti pia.

Nimechapa nakala mia mbili, na sikusahihisha herufi hata moja. Peres anakuletea kumi za kwanza uzione. Sisi tutafika Ijumaa mapema, tupikie muthokoi.

Plasta usirudishe. Nzisa anataka kupapasa.

Mwanao, mwanafunzi wa pili,
Kavutha