Vidonge Ndani ya Kombe

Bi Sidi mpendwa,

Baada ya salamu, nakuomba unisaidie kwani sijui nishike lipi niache lipi. Mimi ni mkimbiaji wa mita mia nane, naishi Makadara kwa shangazi yangu aliyenilea, na mwaka huu nilishinda mchujo wa kwenda kuiwakilisha nchi ng'ambo, basi baada ya mbio nikapimwa mkojo, daktari akaniuliza kama kuna dawa yoyote nimetumia, nikamwambia hakuna, na nilijua nasema kweli, maana nilichokunywa ni kombe tu, ile dua shangazi huiandika kwa zafarani kwenye sahani akaiosha kwa marashi mawaridi, na kombe nani huliita dawa? Sasa majibu yamekuja, wameona dawa ya mafua iliyokatazwa, nikamwuliza shangazi, akaniambia, "Mwanangu, wapiga chafya na vidonge huvitaki, nikavisaga nikavitia mumo." Mkojo wangu waliugawa chupa mbili, ya pili bado imefungwa, na nikitaka wataifungua waipime upya. Kocha wangu Kahindi asema yuko daktari atakayeniandikia kuwa nina pumu tangu utotoni, ionekane dawa ile nimeruhusiwa kwa ugonjwa. Shangazi naye analia tu, kwa sababu wanawake wa mtaani huja kwake kuandikiwa kombe, na wakisikia alichanganya vidonge hatarudi mtu. Sitaki kumwaibisha, wala sitaki kufungiwa.

Mejumaa, Makadara

Mejumaa,

Pole. Ipokee sasa hivi, kwa sababu yanayofuata ni magombezi.

Chupa ya pili ni haki ya mtu anayeshuku kwamba maabara imekosea. Wewe huna shaka, umeshaambiwa kilichomo na aliyekitia. Iache.

Hiyo pumu ya Kahindi irudishe kwake. Mpaka leo umekosa bila kujua. Ukiibeba karatasi ile utakuwa umedanganya ukijua, na njia ya mwongo ni fupi. Hapo hutafungiwa kwa mafua, utafungiwa kwa uongo.

Omba kusikizwa na kamati kabla muda haujapita. Chukua pakiti ya vidonge, eleza kombe ni nini, maana huenda wengine hawajui, na ukiri kwamba ulikunywa bila kuuliza. Sikufichi, safari yaweza kukupita. Lakini mwenye kunywa dawa ya mafua kwa kutojua hahukumiwi sawa na aliyejidunga sindano za kujaza misuli.

Shangazi yako alikupenda vibaya, ndilo kosa lake. Mwombe aende nawe akaseme mwenyewe. Akikataa, nenda peke yako, umtaje kwa heshima. Na hao wanawake wa mtaani, mmewafikiria? Yuko mjamzito, yuko wa presha, wote wanapokea sahani wakidhani ni dua tupu, na aliyekutilia wewe vidonge huenda akawatilia na wao. Hilo si la kumsitiria. Awaambie yeye kabla hujawaambia wewe.

Nawe utakaporudi mbioni, daktari akikuuliza umetumia nini, anza na kombe.

Bi Sidi