Gari la Usukani wa Kulia

Mama yangu,

Zuhura ndiye atakayekusomea haya. Nimeyaandika gazetini makusudi, ili hata akiruka mstari kwa kukuhurumia, jirani aje kukusimulia.

Uliponiagiza nikuchagulie gari lililotumika, ulitaka liwe la bei ya mstaafu, lisiharibike njiani, na liwe tamu kuliendesha. Nikakuuliza hilo la utamu la nini tena, katika umri huu. Ukanijibu, "Gari lisilo na raha si ni kitanda cha hospitali tu? Nimekuwa muuguzi maisha yangu yote, vitanda navijua."

Utamu unaousema naujua. Nilikuwa nakaa kushoto kwako tukishuka mlima kutoka Soni kwenda Mombo, kitenge umekifunga kiunoni, redio umeizima usikie injini. Kona zikianza kufuatana ulikuwa huzungumzi na mtu. Ulirudisha gia kabla ya kona, si ndani yake, na gari likageuka bila kuyumba. Siku moja shangazi, akiwa kiti cha nyuma, alianza kuomba dua kwa sauti. "Omba polepole, wifi," ukamwambia, "nasikiliza gari."

Sasa macho yako yanaona katikati tu, kama mtu anayechungulia ndani ya bomba. Daktari alisema ni presha ya macho, na kwamba kilichopotea hakirudi. Ulipogonga nguzo ya geti la jirani, geti ulilolipita miaka yote, Zuhura aliliuza gari wiki ileile. Hukugombana naye. Ulinipigia mimi huku Guangzhou: "Mdogo wako kauza gari. Wewe unakaa kwenye mji wa magari, nitafutie jingine."

"Dada, mwambie wewe kwamba basi," Zuhura akaniomba. "Mimi nikisema ananiita askari."

Kazi yangu ni kuwauliza watu maswali wasiyoyataka. Nimewauliza wenye viwanda na wakubwa wa serikali, na sauti yangu haikubadilika. Kwako nilishindwa. Nikawa kila Jumapili naenda kwenye yadi za magari yaliyotumika, pembezoni mwa mji, nakupigia kwa video. Magari ya huku usukani wake uko kushoto. Nilijua utayakataa yote mwenyewe, nami sitalazimika kusema neno.

Hukuwa na haraka. "Shika boneti. Ni la baridi? Kama wameliwasha kabla hujafika, kuna kitu wanakificha." Kisha: "Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho." Mkanda ukitoka na mstari wa tope, gari hilo lilizama kwenye mafuriko, na mvua za huku zinazamisha mengi. Gari la umeme hukulitazama mara mbili: "Lisilo na sauti nitajuaje kama linaumwa?" Swali la mwisho lilikuwa lilelile.

"Usukani?"

"Kushoto, mama."

"Achana nalo. Nikitaka kulipita lori nimtume abiria akachungulie?"

Tulicheka, tukaagana hadi Jumapili nyingine.

Jumapili iliyopita nilikwenda na Suleiman, Mzanzibari mwenye ofisi ya kusafirisha mizigo pale kwenye jengo la Tianxiu, kwa sababu anajua kuzungumza na laoban, yaani tajiri mwenye yadi. Palikuwa na gari dogo la bluu, la gia za mkono, klachi nyepesi. Uliniambia niliwashe. Ukasikiliza muda mrefu. "Hili zima," ukasema. Ukataka nizunguke nalo yadini. "Tia mbili. Haya, kata kona. Linakwambia njia ilivyo?" Nilikujibu kwamba linaniambia, na ilikuwa kweli, mikono yangu ilihisi kila kokoto. Nadhani tulifurahi sote wawili.

"Usukani?"

"Kushoto."

Suleiman akaingiza uso wake kwenye simu. "Shikamoo, mama! Usivunjike moyo. Ya kulia ipo, hiihii! Inatoka Hong Kong, kule wanaendesha kama kwetu. Dada mwandishi nimemwambia tangu Ramadhani, kanyamaza tu. Nikuletee ipi, bluu au nyeupe?"

"Marahaba, baba," ukasema. "Kumbe zipo."

Hukuniuliza kwa nini. Ulisema tu, "Mwambie bluu," ukakata simu.

Gari lipo, mama, meli ipo, na uwezo wa kulilipia ninao. Nimelifikiria likifika. Naliona limesimama uani, wewe umeweka kiganja kwenye boneti, unanuna kwamba wameliwasha. Hadi hapo sina tatizo. Kisha unateremka nalo, na watoto wa shule wanavuka kutoka upande usiouona.

Naona na upande wa pili. Zuhura anasema unashinda barazani, na lori likipanda mlima unaitaja gia kabla dereva hajaibadili. Anasema hukosei. Sijui mtu anayejua kitu kiasi hicho anaambiwaje akae chini. Nimetafuta njia ya tatu, kama nifanyavyo watu wawili wanaponipa habari zinazopingana. Safari hii hakuna wa kumwuliza.

Jana nilikwenda Tianxiu, nikamwambia Suleiman hapana.

"Hata nyeupe?"

"Hata nyeupe."

"Na mama wa watu umemweleza?"

Nikamwambia namwandikia.

Basi nimekueleza. Hili la bluu hakulikataa daktari, wala Zuhura. Nimelikataa mimi, na ukiniuliza kesho nitalikataa tena. Nilidhani nikishayasema nitapumua. Sijapumua. Tangu Jumapili ile nakupigia kila siku, na kila siku Zuhura anapokea, anasema umelala. Huko ni saa nne asubuhi, mama. Lini wewe umewahi kulala saa nne asubuhi?

Mwanao wa kwanza,
Guangzhou