Mume Wangu Kampelekea Kuku Mzee Saadi, na Mzee Saadi Ni Mimi

Ruponda, Nachingwea
Novemba 2004

Anti Magreti, shikamoo. Nakuomba usinicheke mpaka ufike mwisho, maana mimi ni mwalimu wa shule ya msingi na mama wa watoto watatu, na balaa hili nimelitengeneza kwa kalamu yangu mwenyewe.

Mwaka 1998 nilimwandikia mhariri wa gazeti lenu hili kuhusu wakulima wa korosho wanaolipwa Novemba na kufika Januari wanakopa chumvi, akaipenda barua, akataka niandike kila wiki juu ya fedha za mtu wa kawaida, ila akasema, "Dada, wanaume hawatasikia habari za hela kutoka kwa mwanamke, tafuta jina la mzee," ndipo nikawa Mzee Saadi wa Ruangwa, nikachagua Ruangwa ili hapa Ruponda asinishuku mtu. Toka hapo naandika jambo moja kwa namna mia, kwamba mtu aishi hivi kwamba kipato chake kikikatika leo, mwaka mzima bado anakula bila kumpigia mtu magoti, na mimi mwenyewe nimelifuata, malipo ya makala sikuyagusa, nimejenga vyumba viwili vya kupangisha Nachingwea mjini, na mume wangu anajua ni vya kaka yangu.

Mume wangu Eustakio ni fundi baiskeli, na shamba letu ni la korosho, na hakuna anayempenda Mzee Saadi kama yeye. Gazeti likishuka kwenye basi analisoma kwa sauti pale kijiweni, na nikitia neno juu ya matumizi ananiambia, "Mama Gabrieli, mambo ya fedha huyajui, kaa nikusomee," basi nakaa, ananisomea niliyoyaandika mwenyewe, tena anaruka mistari.

Mwaka juzi akamwandikia Mzee Saadi kwamba mke wake kila Jumamosi anajifungia kuandika maandalio ya masomo, afanye nini, nami nikamjibu gazetini, "Mwache aandike, na kuni kalete wewe." Akaleta! Mpaka leo analeta. Tamaa ikaniingia, nikaanza kutunga wasomaji wa uongo, mara wa Mtwara anauliza kuhusu pombe, mara wa Songea anataka kununua redio ya pili, na Eustakio akawa anatii kila kitu, na mimi nikanogewa, nakiri.

Sasa mwezi uliopita kapakia kuku kwenye baiskeli akaenda Ruangwa kumshukuru Mzee Saadi. Kaulizia njia nzima, na pale Chinongwe akaonyeshwa mzee mmoja muuza tumbaku, kweli anaitwa Saadi. Akamuuliza, "Wewe ndiye Mzee Saadi unayewashauri watu mambo ya hela?" Mzee akamtazama, akamtazama kuku, akasema, "Anayekuja namshauri." Akampokea kuku, akamwambia malipo ya korosho yakitoka ayapeleke kwake yote, ayaweke, yatazaa.

Eustakio karudi anameremeta. "Mama Gabrieli, nimemwona kwa macho yangu! Ana akili zote zile na hata viatu hana! Huko ndiko kubana matumizi!" Nikakimbilia kalamu, nikaandika gazetini watu wajihadhari na yeyote anayejiita Saadi akataka kutunza hela zao. Kaisoma kijiweni, kaipigia makofi. "Mmeona? Mzee anatulinda!"

Korosho zinalipwa mwisho wa mwezi huu. Nikisema, ndoa itabeba miaka sita ya uongo, nikinyamaza, jasho la mwaka mzima linakwenda Chinongwe. Na mhariri anataka niziandike upya makala ziwe kitabu, chenye picha yangu. Nifanyeje, Anti?

Albina

ANTI MAGRETI ANAJIBU

Jibu hili nililituma kwa basi siku ileile barua ilipofika, maana hela haisubiri gazeti. Leo tunalichapa kwa ruhusa ya Albina.

Mwalimu, nimecheka, nisamehe. Halafu nimekasirika, maana mimi pia nilimwamini huyo mzee, hata salamu za Idi nilimtumia.

Pole kwa kulazimishwa jina la mwanaume. Hilo ni kosa la mhariri na nimeshamwambia. Lakini vyumba viwili umemsingizia kaka yako wewe, si mhariri. Kila mwaka Mzee Saadi anawaandikia wanandoa wafunguliane pochi, na mwandishi wake kaifunga yake kwa kufuli! Na wale wasomaji wa Mtwara na Songea uwaue leo. Mume si darasa la tatu, huwezi kumwongoza kwa ujanja hata akienda unakotaka.

Usimwambie kupitia gazeti. Mwambie kwa mdomo, kabla korosho hazijalipwa, watoto wakiwa shule. Weka mezani miswada yako na karatasi za kiwanja. Anza na vyumba, kwa sababu ndivyo vitakavyomuuma. Akifoka, usimfundishe, msikilize. Kitabu kitoke kwa jina lako, na picha upige ukiwa umetazama mbele.

ALBINA AMEANDIKA TENA

Anti, nilimwambia. Alisoma mswada mmoja kwa sauti mpaka mwisho, safari hii bila kuruka, akalinganisha mwandiko na daftari langu la shule. Akatoka. Siku mbili hakunisemesha, na kijiweni hakufungua. Hela za korosho zilipotoka alizileta nyumbani, akaziweka mezani.

Siku ya tatu jioni akauliza, "Hicho kitabu kina kurasa ngapi?"

"Mia moja na ishirini."

"Umeandika ngapi?"

"Arobaini."

Akakunja mikono ya shati, akaniambia nikaandike, ugali atasonga yeye.

Ulikuwa mbichi, Anti. Nimeula wote.