Kisu Kilichofika Uchi

Nurota

Kaka Tursunali,

Nakusalimu kwa sababu umenitangulia kuzaliwa, si kwa sababu nyingine. Mimi na wa nyumbani kwangu tu wazima. Hali yako siiulizi. Najua unakula na kulala vizuri, maana watu wa aina yako hawashikwi hata na mafua. Wa kuulizwa hali ni mama. Mkono wake unaendeleaje? Vile vidole viwili bado havikunjiki, au unawaambia watu vimepona?

Nianzie mwanzo, usije ukasema nimekuonea. Baba aliponiagiza nifue kisu na kumtumia huko Chust, akipime kwa kidole gumba, na akiridhika anipe fatiha, baraka ya kuhitimu uhunzi, na ruhusa ya kupiga chapa ya nyumba yetu, ulikuwepo umekaa. Ulicheka ukasema, "Huyu Nabi wetu akipewa chapa si ataipiga kwenye vijiko?" Mkeo Mahfuza akacheka nawe. Mimi nikanywa chai yangu. Nilijua umefua chuma miaka mingi ukiingoja chapa hiyo, na nilijua inakuuma.

Kisu kile kilinimalizia majira yote ya baridi. Kwetu kisu cha fatiha hakishonewi ala mpaka baba akikubali, kwa hiyo husafiri bila ala. Ndiyo maana baba alitufundisha kufunga kabla ya kutufundisha kunoa, na fimbo zake unazikumbuka. Nilipaka makali mafuta, nikachomeka ncha kwenye kipande cha kibuyu kikavu, nikakiviringisha chote kwa sufu nzito na kukaza kamba. Sufu niliikata kwenye tandiko la susu ya kumlazia binti yangu Zebo, ile nyekundu yenye kona iliyoungua pasi. Nikakitia kwenye kasha, nikashonea kasha kitambaa cheupe, nikaandika juu na chini kwa wino kwamba ndani mna makali. Karani wa posta ya huku alinitania akaniuliza kama natuma kisu au bibi harusi.

Kwa kuwa vifurushi haviletwi nyumbani, wewe ndiye uliyekwenda kukichukua posta. Jioni ukaweka mfuko wa kitambaa, usio na neno hata moja juu yake, kwenye meza ya baba, ukasema mzigo wa Nabi umefika, ukatoka kumwita baba karakanani. Mama aliposikia mzigo wa Nabi, akadhani ni matunda makavu ya forosadi ninayomtumia kila mwaka. Akazamisha mkono mpaka chini, kama anavyofanya kila mwaka.

Ukamwambia baba, "Ndivyo alivyokileta. Hata gazeti hakuweka." Baba hakukigusa kisu. Alisema anayemtumia mamake makali yaliyo wazi asiitwe mhunzi mbele yake, na fatiha yangu akakupa wewe.

Nilipokuja huko kujieleza, baba alinipa kisogo hata chai hakunikaribisha. Wewe ukanisindikiza mpaka mlangoni, majirani wakisikia, ukaniambia, "Fundi mzima, makali hujui kufunga? Kafunge kabichi, hizo hazimkati mtu." Nikarudi Nurota nimejishuku. Nilisema labda kamba ililegea, labda kasha lilipasuka njiani. Nilikuwa nikifunga kisu cha mteja nakifungua tena, nakifunga, nakifungua, mpaka mke wangu akaniondoa mezani. Hilo sitakusamehe, kaka. Ulinifanya niiogope mikono yangu mwenyewe.

Sasa sikiliza. Majuzi alikuja huku jirani yenu Sharofat kumwona bintiye, akaniletea mikate kutoka kwa mama. Mikate ya kununua, kwa kuwa mama hakandi tena. Ilikuwa imefungwa kwa kipande cha sufu nyekundu, kona imeungua pasi, katikati ina duara la birika. Sharofat alinieleza kwamba mama aliikuta jikoni kwa Mahfuza, imetandikwa chini ya birika la chai. Alipouliza imetoka wapi, Mahfuza akamjibu bila wasiwasi, "Ah, hiyo? Tursunali alirudi nayo siku ile aliyotoka posta." Mama akaliinua birika. Aliikunja akaondoka nayo.

Sidhani ulitaka kumkata mama. Ulitaka baba aingize mkono, akutane na makali, anichukie. Baba ambaye macho yake yameziba na huona kwa kidole gumba. Kidole hicho ndicho ulichokitegea.

Mama anaomba yaishe kimyakimya, baba asijue, kwa kuwa hata wewe umetoka tumboni mwake. Nimemtuma Sharofat amwambie kwamba nampenda sana, na kwamba nimekataa.

Utaona barua hii haina bahasha. Wewe si unapenda vitu vifike uchi? Nimeikunja tu, nikabandika stempu na kuandika jina lako. Mirvali mleta barua huanzia karakanani, na tangu macho ya baba yazibe, yeye ndiye anayemsomea. Unamjua Mirvali; karatasi iliyo wazi haimpiti hata iwe ya nani. Kwa hiyo hapa ulipofika wewe, baba alishapita.

Sufu nimebaki nayo. Nisalimie mama, na ukimshika mkono, shika ule mzima.

Baba, kama unasikiliza, shikamoo. Sharofat ameniambia kisu kiko kwenye sanduku la matandiko la mama, amekifunga kwa kitambaa chake cha kichwa. Naomba ukiguse.

Nduguyo mpaka hapa,
Nabijon