Kinyaa Mlangoni Kwetu

Mafinga, Jumamosi. Mvua imekatika mchana, baridi imebaki, na mimi siwezi kutulia.

Leo nimetamka neno "kunya" mbele ya mwenye nyumba wangu, na bado sijafukuzwa.

Wapangaji wote hapa tunatumia choo kimoja cha shimo. Mvua ikizidi, maji yanaingia shimoni, choo kinafurika, na yaliyomo yanatiririka hadi milangoni kwetu. Mtoto wa jirani yangu, Mama Upendo, anaharisha wiki nzima sasa. Asubuhi mwenye nyumba, Mzee Mgaya, alipita kututazama. Mama Upendo akamwambia, "Baba, tunaishi kwenye kinyaa."

Mzee akavimba. "Hilo ni tusi. Sema uchafu, nitakuelewa."

Akageuka aondoke. Mama Upendo akaanza kulia. Sikuweza kujizuia, maana neno hilo nilikuwa nimelitafuta kwenye kamusi juzi tu. Mimi ni muuza mbao, lakini maneno ndiyo ugonjwa wangu.

"Baba, unisamehe kwa nitakalosema," nikamwambia. "Si tusi. Kinyaa kimetokana na kunya, ni ndugu yake kinyesi. Na mvua nayo zamani walisema inakunya, ndiyo maana hadi leo inanyesha."

Mzee akasimama, akanigeukia.

Nikajua nimeharibu. Mzee wa watu, kuambiwa hayo na binti wa umri wa wajukuu zake.

Akatazama choo. Akatazama mawingu. Mabega yakaanza kumtikisika.

"Basi hapa kwangu vinakunya vyote viwili," akasema.

Tulicheka mpaka tukashika kuta, hata Mama Upendo na machozi yake. Mzee ndiye aliyeacha kwanza. Akamuuliza Mama Upendo kwa sauti ya chini, "Mwanangu, mtoto ameanza lini kuumwa?"

Akawapeleka hospitali mwenyewe. Wamerudi na dawa, na jioni hii mtoto amekunywa uji wote. Mafundi nao wamekuja na sululu, wanachimba shimo jipya upande wa juu, maji yasikofika.

Neno moja tu, jamani. Nimeliona likifanya kazi kwa macho yangu.

Kesho tukitoka kanisani nitaleta mabanzi, mabaki ya magogo kutoka kiwandani ninakonunua mbao, tuzungushie choo kipya. Mzee amesema nyundo atashika yeye.

Yaani leo nitalalaje?