Kwa Bi Dira, Aliyefundisha Jangwa Asilolifikia

Baba wa babu yangu alikuwa seremala. Ndiye aliyechonga madawati ya kwanza ya shule ya hapa kwetu, na hakuna hata moja lililovunjika mguu yeye akiwa hai. Mwanawe alikuwa karani wa mahakama ambaye hakupata kupokea hata yai la mtu. Baada yao walifuata walimu, baba yangu kisha mimi, niliyeshika chaki miaka thelathini na minne. Katika ukoo huo ulizaliwa wewe, mjukuu wangu, na hukuuaibisha.

Umetimia mwaka mmoja sasa tangu ulipotutoka, asubuhi ya Jumanne, ukiwa na umri wa miaka ishirini na tisa. Naandika mimi babu yako kwa niaba ya nyumba nzima, kwa kuwa wazazi wako kila wakishika kalamu hawafiki mstari wa pili.

Ulikuwa mwalimu wa jiografia. Wanafunzi walikupa jina la Bi Dira, kwa sababu hukuanza kipindi kabla ya kuuliza kaskazini iko wapi. Mkononi ulivaa saa ya marehemu bibi yako, iliyokwisha kusimama zamani, ukidai kwamba inakukumbusha kuwahi. Nyumbani ulimenya chungwa bila kulikata ganda, kisha ukalitandaza ganda hilo mezani ili mdogo wako aone kwa nini kila ramani ya dunia ni lazima idanganye kidogo. Mama yako hata leo akimenya chungwa hulikata vipande upesi, asije akaona ganda zima.

Katika masomo yako yote ulilipenda zaidi lile la nchi ya jangwa. Wanafunzi walikucheka. Walisema huko hakuna kitu, ni mchanga mtupu, na mtihani wenyewe hauulizi sana. Hukuwagombeza. Ulikuja kwangu kuniomba mbao za meza kuukuu ya yule seremala wetu, nami nikakataa mara mbili. Mara ya tatu ulinitania.

"Babu, wewe ulitufundisha kwa fimbo. Niache mimi nifundishe kwa pampu ya baiskeli."

Nilikupa mbao hizo nikiwa nimekunja uso, maana kicheko kilikuwa karibu kunitoka.

Siku moja nilikuja kukaa dawati la nyuma, na sifichi kwamba nilikuja kutafuta makosa. Ulikuwa umetengeneza sanduku pana lisilo na kifuniko, ukalijaza mchanga mkavu uliouchekecha mwenyewe kwa chujio la jikoni. Ulifinyanga kilima kimoja, ukachomeka njiti ya kiberiti mbele yake, ukawaambia wanafunzi wapokezane pampu na kupuliza kutoka upande mmoja. Kengele ilipolia, njiti haikuonekana tena. Kilima kilikuwa kimeipanda na kuipita. Uliwaambia kwamba ndivyo jangwa linavyotembea, polepole, na anayelala mbele yake huamka akiwa chini yake.

Kipindi cha pili uliingia na ndoo moja ya maji. Kila dawati lilipewa kikombe kimoja, cha kunywa na kunawa mpaka jioni. Kisha ukawauliza watafanya nini mgeni akibisha hodi. Mchekeshaji wa darasa alisema atazima taa na kujifanya hayupo. Walicheka wote, nawe ulicheka. Kicheko kilipokwisha ukawaeleza kwamba watu wa nchi ile humpa mgeni anywe kwanza, hata kama kikombe ni kimoja, kwa kuwa kesho mgeni huenda akawa wewe. Nilitoka bila kuandika kosa lolote, wala sikukupongeza. Nilidhani sifa humharibu kijana.

Kwa miaka mitatu uliandikiana na mwalimu mmoja wa huko jangwani, mwanamke wa rika lako. Mwaka jana alikualika ukakae mwezi mzima nyumbani kwao na katika shule yake. Mkuu wako wa shule aliridhia. Lilibaki neno langu tu, kwa sababu katika nyumba yetu msafiri haondoki mpaka mkubwa aseme nenda. Barua ya mwaliko uliitafsiri kwa mkono wako ili niielewe vyema, ukaniletea sebuleni nilipokuwa nikisoma gazeti na kulisahihisha kwa kalamu nyekundu, kama ilivyo desturi yangu.

Niliisoma tafsiri yako. Nikaipigia mistari makosa matatu. Chini yake nikaandika saba juu ya kumi, nikakurudishia. Uliniomba ruhusa, nami nikakupa alama.

"Mwalimu hawaachi watoto katikati ya muhula," nilikwambia. "Maliza kwanza. Jangwa halihami."

Ulijua kwamba linahama. Ulikwisha kunionyesha kwa mikono yako. Ungeweza kunikumbusha ile njiti ya kiberiti. Ulisema tu, "Sawa, babu," ukaikunja karatasi mara nne. Adabu niliyokufunza mimi ndiyo iliyokufunga mdomo.

Wiki tano baadaye homa ilikushika, na kwa siku sita ikakumaliza. Sisemi kwamba kule usingekufa. Mauti hayasomi ramani. Nasema ungekuwa umefika. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Methali hiyo nimewakaririsha maelfu ya watoto, nikiwakata alama walioikosea, nami mwenyewe sikuwa nimeisoma.

Mazishini walisema mengi. Mkuu wako wa shule alikusifu kwa machozi kama mwalimu hodari wa historia, wala hakuna mwenzako aliyemsahihisha. Mwezi wa pili baada ya mazishi nilikwenda kulichukua sanduku lako. Nililikuta tupu nyuma ya stoo, ubavu mmoja umeng'olewa. Mchanga uliouchekecha siku nne ulikuwa umechanganywa na saruji, na mafundi walikuwa wamepigia lipu ukuta wa choo cha walimu. Mwalimu aliyeshika nafasi yako aliniambia, "Usijisumbue, mzee, ule ulikuwa mchanga tu." Nilibeba mbao zangu nikarudi nazo nyumbani kwa miguu. Sikumlaumu, maana mwaka ule ule mimi pia nilikuwa nimeona makosa matatu tu mahali palipokuwa na dunia nzima.

Sasa mwenzako wa jangwani ameandika tena. Anasema nafasi yako hakumpa mtu, na kwamba mdogo wako, anayesomea ualimu wa somo lako, aende badala yako. Kile kilima cha mchanga nyuma ya shule yake, alichoahidi kukupandisha, kimekwisha kusogea. Kisima cha shule hiyo kiko palepale. Juzi nilimwuliza mdogo wako anaondoka lini. Alinijibu kwa heshima zote.

"Hakuna haraka, babu. Nimalize mitihani kwanza. Si wewe uliyesema jangwa halihami?"

Hakuwa akinikejeli. Aliniamini, na hilo limeniuma kuliko kejeli yoyote.

Unakumbukwa na baba yako na mama yako, shangazi yako aliyekulea likizo zote, kaka yako aliyelibeba jeneza mbele, mdogo wako, na mimi babu yako. Maadamu tunapumua, hutatoka mioyoni mwetu.

Nanyi vijana mnaosoma kumbukumbu hii, nisikilizeni, hasa mliopita mikononi mwake na leo mnasema somo lake halikuwa na faida. Mtu akiwaambia mahali fulani hakuna kitu, mwulizeni alifika lini. Mkiitwa, itikeni mapema. Mkubwa akikosea, mwambieni kwa adabu, lakini mwambieni.

Na wewe mdogo mtu, barua ya mwaliko wako nimeisoma bila kalamu nyekundu. Jangwa linahama. Funga mizigo.