Daftari Ulilozikwa Nalo

Mwalimu wangu,

Leo naandika kwa kalamu, maana simu imenisaliti. La, si simu. Ni mimi.

Tangu tukuzike kule Nyundo, vipindi vyako vya fasihi kidato cha pili navifundisha mimi. Kila Jumapili nakaa na simu kutafuta mtandaoni cha kuwafundisha. Vipo vingi, tena vizuri: maelezo ya ushairi, ramani, hata sauti za watu wakisimulia. Ila ngano karibu zote ni za pwani, na watoto wetu wa Gisenyi bahari wanaiona kwenye picha tu. Juzi nikatafuta "ngano za mpakani". Ya kwanza kutokea ilikuwa yetu! Nikapiga makofi peke yangu.

Unakumbuka? Ulipolazwa ulinipa daftari la ngano ulizoandika pale mpakani, Petite Barrière, ukisimuliwa na wanawake wanaovusha nyanya kwenda Goma. Ukaniambia, "Weka kwa internet, walimu wengine wapate. Lakini andika vile mutu anasema. Usipige pasi." Nikaitika. Tovuti ya walimu ikazirudisha: lugha si sanifu. Nami niliyekulia Tabora, uliyenitania miaka yote kwamba Kiswahili changu kimevaa kola ngumu, sikubishana. Nikanyoosha kila sentensi. Wakapokea. Ukaniuliza kitandani, "Zilifika?" Nikasema zimefika. Zaidi ya hapo sikukuambia.

Siku ya mazishi mkeo alitaka kukuwekea daftari kifuani. Akaniuliza kama tutalihitaji. Nikamjibu hapana, Mama, kila kitu kipo mtandaoni.

Basi Jumatatu nikawasomea ile ya Sungura na nyanya zake, Fisi amemfungia njia. Wewe ukifika pale darasa zima lilikuwa likiitikia, hata aliyesinzia: "Mi napita, nyanya inapita, we bakia na barrière yako!" Mimi nikasoma: "Mimi ninapita, nyanya zinapita, wewe baki na kizuizi chako."

Hakuna aliyecheka. Divine, yule msichana wa dawati la mbele, akanyoosha mkono. "Mwalimu, iko hadisi ya nyogokuru. Lakini haiko ye njo anaongea."

Kumbe nyogokuru wake, bibi yake, ndiye aliyekusimulia, na aliyesema katika maneno yangu hakuwa yeye. Nikatoka nje, nikajifanya napokea simu, nikalia.

Nimejaribu kukumbuka ulivyoziandika zile nyingine. Sipati. Nina mstari huo mmoja tu, kwa sababu ulikuwa unaurudia hata kwenye chai. Naona aibu, Mwalimu. Na nimekukasirikia pia: kwa nini ulimwamini Mtanzania? Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Wangu anakaa dawati la mbele.

Jumamosi Divine atanipeleka kwa bibi huyo. Anasema siku hizi anasahau, anaanza hadithi moja na kumalizia nyingine. Nitakwenda hivyo hivyo, na daftari jipya, na simu ya kuchukua sauti. Wenzake waliokusimulia sijui niwatafute wapi, lakini nitaulizia mpakani. Ile tovuti ikizirudisha, nitazipeleka tena. Nakuahidi, safari hii mutu atabaki mutu.

Pumzika, Mwalimu. We umepita, daftari imepita. Mi nimebakia na barrière.

Mutanzania wako